Nani Aliandika Lile Daftari?

Vijana wenzetu. Nyinyi wa Nubia na Daraja Mbili, wa Suneka, wa Keroka, wa Nyamira mjini, na nyinyi mlioko Nairobi au Ghuba lakini nyumbani ni huku Gusii.

Tukiongea kuhusu polisi kwa kawaida huwa tunaongea kuhusu bunduki, rungu na seli. Leo tuongee kuhusu polisi ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona: yule anayechunguza mwandiko, yule anayeshika kamba ya mbwa, yule anayekaa kwenye dawati la jinsia, yule anayepima damu kwenye maabara. Hawa hawako kwenye video zetu. Lakini huku kwetu kazi yao ikifanywa vizuri mtu anaishi, na isipofanywa mtu anachomwa. Na si maneno ya kutishana, ni mambo yaliyotokea.

Mei 2008, umati wa watu ulizunguka vijijini huku Kisii nyumba kwa nyumba, ukiwa na orodha ya majina. Walipomaliza, wazee 11 walikuwa wamekufa kwa kuchomwa, wanawake 8 na wanaume 3. Kosa lao ni kwamba walisemekana ni abarogi. Ukiuliza ushahidi ulikuwa upi, wanakijiji walimwambia mwandishi wa BBC kwamba kuna daftari lilipatikana katika shule ya msingi. Ati ndani yake mliandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na nani atarogwa baadaye.

Daftari la shule! Ebu tulia kidogo ufikirie hapo. Daftari lina mwandiko. Mwandiko una mwenyewe. Idara ya upelelezi, DCI, ina wataalamu ambao kazi yao ni hiyo tu: unawapelekea karatasi, wanalinganisha herufi, mkazo wa kalamu na jinsi mtu anavyounganisha maneno, kisha wanaeleza mahakama kama mwandiko huu ni wa fulani au si wake. Mahakama zetu huwaita kila siku kwa kesi za hundi na hatimiliki feki. Kama kila mtu pale kijijini angengoja siku chache, swali moja tu lingetosha: nani aliandika lile daftari? Labda ni mtoto aliyekuwa anacheza. Labda ni mtu mzima aliyetaka majirani fulani waondoke. Swali halikungojewa. Kiberiti kilifika kabla ya mtaalamu.

Miaka 13 baadaye, Oktoba 2021, ikawa tena huko Marani. Wanawake wanne wazee, wakidaiwa kumroga mwanafunzi, wakauawa na kuchomwa. Kama kuna mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa, swali lilikuwa la daktari. Kama kuna mtu aliyemdhuru, swali lilikuwa la mpelelezi. Umati ukajifanya daktari, mpelelezi, hakimu na mnyongaji, yote kwa mpigo mmoja.

Sasa kuna wale watasema, "Hiyo ni mila, ni watu wa zamani." Hapana. Wanaokimbia na petroli si wazee. Ni vijana wa rika letu. Anayetoa petroli kwenye tangi la pikipiki ni kijana. Anayerekodi na simu ni kijana. Kwa hivyo haya mazungumzo ni yetu.

Na ukitazama vizuri, mara nyingi uchawi ni jina tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na karibu wote wanataka kulima. Shamba limegawanywa hadi limebaki mistari. Mama mzee, mjane, amekaa kwenye robo ekari ya migomba, na mtoto wa shemeji anaitazama hiyo robo ekari kila asubuhi. Huyo mama akiitwa omorogi, kesi ya shamba imeisha bila wakili. Mpelelezi mzuri angeanza hapo: nani anafaidika huyu omongina akiondoka? Umati hauulizi hilo swali, kwa sababu wakati mwingine aliye na jibu ndiye anayeongoza umati.

Gusii inajua vizuri kinachotokea pengo la polisi likijazwa na watu wengine. Sungusungu ilianzia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wezi wa ng'ombe. Ikavuka mpaka, ikafika Kuria, ikafika Kisii. Mwanzoni watu waliishangilia, na tusiwalaumu. Ukiibiwa usiku, ukipiga ripoti asubuhi, na jioni mwizi anakusalimia sokoni, utamshangilia yeyote atakayemshika. Shida ni kwamba Sungusungu hawakuwa na maabara, hawakuwa na kitabu cha OB, hawakuwa na mtu wa kuwauliza, "Mmejuaje?" Walikuwa na majina. Majina yakaja na ada, ada ikaja na wanasiasa, na baadaye wakawa wanaogopwa kuliko wezi. Oktoba 2010, marehemu George Saitoti akiwa waziri wa usalama, serikali ilipiga marufuku makundi 33 nchini. Sungusungu walikuwemo. Chinkororo pia.

Lakini marufuku ni karatasi. Kundi likiondolewa na pengo likabaki, kundi lingine litakuja. Pengo lenyewe ni la watu wa kujua ukweli. Na hao watu, ndani ya polisi, ni vile vitengo vya nyuma ambavyo havipigiwi makofi. Tuvipitie kimoja kimoja.

Kwanza, watu wa eneo la tukio. Hawa hufunga utepe, hupiga picha, huchukua alama za vidole, hufungasha nguo na panga kila kimoja kivyake na kuandika nani alikishika na saa ngapi. Hiyo orodha ya nani alishika nini ndiyo wakili wa mshukiwa huishambulia kwanza mahakamani. Ikiwa na pengo, kesi inaanguka. Watu mia mbili wakishapita kwenye ua, kila mtu akigusa mlango na wengine wakibeba masufuria, hawa maafisa wakifika hakuna kitu. Umati unaolia "polisi hawafanyi kazi" mara nyingi ndio uliokanyaga kazi yenyewe.

Pili, kitengo cha mbwa. Kiko tangu enzi za ukoloni na makao yake ni Lang'ata, Nairobi. Mbwa hafuati uchawi wala sura ya mtu, anafuata harufu. Hajui nani ni Mwislamu, nani ni Msomali, nani ni mgeni mtaani. Harufu nayo ni kitu dhaifu. Mvua ya Kisii inaiosha, moshi unaiua, miguu ya watu inaichanganya. Kwa hivyo saa za kwanza ndizo zenye thamani. Pia mbwa peke yake hatoshi kumfunga mtu. Anaonyesha pa kutafuta, kisha binadamu anatafuta ushahidi mwingine.

Tatu, maabara. Juni 2022 DCI ilifunguliwa maabara mpya ya kitaifa ya uchunguzi kwenye makao yake makuu, Kiambu Road. Kuna pia Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Huku Kisii na Nyamira sampuli lazima isafiri. Kusafiri kunataka gari, mafuta, barafu na afisa wa kuisindikiza. Kesi ya msichana wa Ekerenyo inaweza kufa kwa sababu ya kitu kidogo kama hicho, na hakuna mtu ataandamana kwa ajili ya mafuta ya kubeba sampuli. Lakini hapo ndipo haki inapopotelea.

Nne, dawati la jinsia. La kwanza nchini lilifunguliwa kituo cha Kilimani, Nairobi, mwaka 2004, na baadaye yakaenea. Kazi yake ni aliyedhulumiwa asisimulie yaliyompata akiwa amesimama kwenye kaunta, mbele ya walevi waliokamatwa jana. Apate afisa aliyefunzwa, mahali pa siri, aandikiwe OB, apewe fomu ya P3 na apelekwe hospitali ambako daktari atajaza fomu ya PRC. Dada zetu wanajua tofauti ya dawati lenye mtu na dawati lenye bango tu. Lenye mtu linaokoa. Lenye bango tu linamrudisha msichana nyumbani kwa yule yule aliyemuumiza, na wazee wanakaa chini kuhesabu mbuzi wa fidia.

Tano, kitengo cha kukabili wizi wa mifugo, makao makuu Gilgil. Watu wa mjini wanacheka, lakini muulize mtu wa Borabu mpakani na Sotik, au wa Nyangusu mpakani na Transmara. Ng'ombe mmoja akiibiwa usiku asubuhi ni mishale. Familia iliyoibiwa haimtafuti mwizi, inatafuta mtu yeyote wa kabila la mwizi. Afisa anayejua kufuata nyayo za ng'ombe mpaka kwenye boma moja, kwa mtu mmoja, anazuia vita vya watu elfu. Kazi ni ile ile ya lile daftari: kutoka kwa "wao" hadi kwa "huyu".

Najua kuna mtu tayari anaandika pale chini: "Mnatetea polisi? Hawa hawa waliotupiga risasi?" Swali ni halali, na hatulikimbii. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano yaliyoanza Juni 2024. Hatujasahau, na hatutasahau.

Lakini kumbuka Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu. Alikamatwa Homa Bay, hapa jirani tu, tarehe 7 Juni 2025, akapelekwa Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa maiti katika kituo cha Central. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Nchi ilijuaje si hivyo? Haikujua kwa kelele, ingawa kelele zilisaidia. Ilijua kwa sababu wanapatholojia walimpasua na kusoma majeraha: kichwani, shingoni, sehemu nyingi za mwili, majeraha ambayo mtu hajitendei kwa kujigonga ukutani. Mamlaka ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwachunguza polisi, ikaingia ikakuta hata kamera za kituo zimechezewa. Maafisa kadhaa, mkuu wa kituo akiwa mmoja wao, wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Hukumu ni ya mahakama. Lakini uongo wa siku ya kwanza ulivunjwa na sayansi.

Ndiyo maana tunasema hivi vitengo ni vyetu. Ile sayansi inayomtoa omongina wa Marani kwenye moto ndiyo inayofungua mlango wa seli na kuonyesha kilichotokea ndani. Polisi anayetegemea rungu hapendi maabara, kama vile umati haupendi mwandiko uchunguzwe. Wote wawili wanataka jambo liishe leo, kabla ya maswali.

Sisi vijana Waislamu tunafaa kuelewa hili haraka kuliko wengine. Huku Gusii tuko wachache. Tunajua mtu kushukiwa kwa sababu ya jina, ndevu, kanzu au buibui kuna ladha gani. Tumeona ndugu zetu, Pwani na Eastleigh, wakichukuliwa kwa sababu mtu alisema "nasikia". Dini yetu imetufunza kwamba habari ikija tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua halafu tukajuta. Sasa mtu anayelia akishukiwa bila ushahidi msikitini, halafu jioni anakimbia na umati kumchoma mtu sokoni kwa "nasikia" ile ile, anajidanganya. Haki haiwezi kuwa yetu peke yetu.

Basi tufanye nini? Tuongee vitu vya kufanyika.

Ukiona umati unakusanyika, piga 999 au 112 kabla ya kurekodi. Kisha pigia chifu, pigia mzee wa Nyumba Kumi, pigia imamu au pasta ambaye sauti yake inasikika pale. Watu wa boda, mna nguvu msiyoijua: petroli ni yenu. Tangi likifungwa, moto hauwaki. Kama tayari umerekodi video, usiiweke mtandaoni kwanza. Ihifadhi kama ilivyo na uipeleke kwa wapelelezi, au piga FICHUA ya DCI, 0800 722 203, bila malipo na bila kutaja jina.

Dada au kaka yako akidhulumiwa kimwili, asioge, na nguo asizifue. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu za plastiki huzifanya ziote ukungu. Afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia Ukimwi zina kikomo hicho. Hospitali haitakiwi kumrudisha ati hana barua ya polisi, matibabu kwanza. Ukienda kituoni, usitoke bila nambari ya OB. Fomu ya P3 haiuzwi. Laini ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, ya watoto ni 116. Na kama afisa mwenyewe ndiye shida, IPOA ni 1559.

Halafu kuna kiti ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti katika kila kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mtu aliyemteua. Ndani yake sheria inataka wakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, mashirika ya dini, na vijana. Umesoma vizuri. Mashirika ya dini na vijana! Basi tuulize Kisii na tuulize Nyamira: hiyo mamlaka ilikaa lini? Nani anakalia kiti cha vijana? Waislamu wanashirikishwa vipi? Na swali letu pale lisiwe tu "mtatuongezea polisi wangapi". Liwe: dawati la jinsia lina afisa aliyefunzwa mchana na usiku? Sampuli kutoka hapa huchukua muda gani kufika maabara? Mbwa akihitajika Nyamira anatoka wapi, na baada ya saa ngapi?

Haya hayahitaji mtu wa kutoka ng'ambo kutuambia. Mtoto wa Nyamira, Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ndiye aliyeongoza jopo la kurekebisha polisi na kukabidhi ripoti yake Novemba 2023. Jopo lilisema wazi kuhusu ufisadi, makazi mabovu, mishahara midogo na ukosefu wa vifaa. Afisa anayelala kwenye kibanda cha mabati na kununua karatasi ya kuandikia taarifa kwa pesa yake si kisingizio cha yeye kumpiga mtu. Lakini ni sehemu ya jibu la kwa nini ushahidi kama lile daftari unaweza kukosa kupelekwa popote.

Wazee 11 wa 2008 hawatarudi. Wamama wanne wa Marani hawatarudi. Wanachotudai ni kidogo: siku umati utakaposimama tena na daftari mkononi, kuwe na kijana mmoja, hata mmoja tu, wa kuinua mkono na kuuliza, "Nani aliandika hili?" Na kuwe na afisa mahali fulani, ambaye kazi yake ni kujibu.

Ukiwa ni huyo kijana, tuma hii kwa group ya boda, ya shule na ya familia. Halafu uhifadhi hizo nambari kwa simu yako, leo. Siku ya kuzihitaji hakuna atakayekuwa na muda wa kuzitafuta.

Allah atulinde, na atufanye sisi ulinzi kwa wengine. Wassalaam.